Gitaa liko juu ya kabati

SWALI

Yambo Yaya. Mimi ni baba wa watoto wawili, nakaa Katuba, nafanya kazi ya hesabu katika kampuni moja hapa Lubumbashi. Kila mara naanza jambo jipya la kujiburudisha, na kila mara linanishinda. Nilinunua viatu vya kukimbia. Baridi ya mwezi wa sita ikanirudisha kitandani. Nikanunua rangi na brashi, zikakauka. Sasa ni gitaa. Nililipata kwa bei nzuri soko la Kenya, ile komini ya hapa Lubumbashi, wiki mbili nilikuwa moto, kisha vidole vikauma, nikalirudisha katika mfuko wake na kulipandisha juu ya kabati. Mke wangu anasema tuliuze. Jioni nikirudi nimechoka, naangalia wapiga gitaa kwenye simu mpaka usingizi unanichukua. Je, mimi ni mvivu, au bado sijapata kitu kilicho changu?

Baba wa Katuba

JIBU

Mdogo wangu, mvivu hapana. Mtu anayeamka alfajiri, akapanda teksi mpaka mjini na kushinda na mahesabu ya watu, kisha jioni bado ana hamu ya kusikiliza gitaa, mtu huyo hana uvivu. Kilichonisumbua katika barua yako ni lile kabati.

Nikuulize kwanza: ukijiona na gitaa, unajiona wapi? Wengi hujiona tayari wanapiga, na watu wamenyamaza wakisikiliza. Hiyo ni siku ya sherehe. Siku ya kawaida ya gitaa ni mtu amekaa kwenye kiti, anahama kutoka akodi (sauti kadhaa zinazopigwa pamoja) ya do kwenda ya sol, kidole kimoja kinachelewa, anarudia. Kitu ni chako ikiwa unaweza kuivumilia siku yake ya kawaida, hata kuifurahia kidogo. Wewe siku hiyo hujaionja bado, maana ulisimama kwenye maumivu ya mwanzo. Kwa hiyo usitafute kitu cha nne.

Naliona jambo hili barazani kwangu, Kamalondo, ambako Jumamosi wamama na wasichana huja kufuma kroshe. Anayefika na nyuzi za kufunika kitanda kizima, rangi nne, mara nyingi hamalizi mwezi. Anayeanza na kitambaa kidogo cha kuwekea glasi anakimaliza, anaona kimepinda, anakifumua, anaanza upya, na siku moja kufumua hakumuumi tena moyo. Huyo ndiye ninayemwona hata mwaka unaofuata.

Barua yako nilimsomea kaka yangu, anayepiga gitaa katika kwaya ya parokia. Swali lake la kwanza: nyuzi zimeinuka kiasi gani? Shika kalamu ya risasi, ijaribu chini ya nyuzi pale shingo inapoungana na tumbo la gitaa. Ikipita, nyuzi ziko juu mno. Lipeleke kwa fundi akipunguze kile kipande kinachobeba nyuzi upande wa tumbo. Ncha za vidole humuuma kila mwanafunzi mpaka ngozi iwe ngumu, lakini gitaa la namna hiyo linamtesa hata aliyezoea. Wakati unangoja fundi, legeza nyuzi zote nusu toni. Mkono utapata nafuu.

Halafu acha nyimbo nzima kwa sasa. Mwenda Jean Bosco, mpiga gitaa maarufu, mtu wa Bunkeya, ambaye mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 kule Jadotville, yaani Likasi ya leo, alipiga kwa vidole viwili vya mkono wa kulia, gumba na cha shahada. Sisi watu wa Katanga tuna shule yetu hapo hapo nyumbani! Shika akodi ya do, gumba lipige uzi wa la, kisha uzi wa re, la, re, polepole, bila kukimbia. Kidole cha shahada kisubiri. Gumba likishaweza kutembea lenyewe huku unaongea na mtoto, kiingize cha shahada kwenye nyuzi nyembamba.

Kuhusu wiki mbili zako: watafiti wa chuo kikuu cha University College London walifuata watu 96 waliokuwa wanajijengea zoea jipya, na wakachapisha matokeo mwaka 2010. Ilichukua kwa wastani siku 66 zoea kuingia mwilini. Wepesi siku 18, na kwa wengine hesabu ilifika 254. Na kuruka siku moja hakukuharibu kazi. Hilo la mwisho lishike sana, maana nahisi wewe ukikosa jioni moja unajihukumu, na hukumu ndiyo inayolipandisha gitaa kabatini.

Lishushe leo. Litoe katika mfuko, lining'inize sebuleni kwenye msumari ambao watoto hawaufikii, mbali na dirisha, kwa sababu jua na ukavu wa kiangazi hupasua mbao. Ukirudi kazini, kabla ya kula na kabla ya kugusa simu, piga gumba kwa muda wa maji ya bukari, yaani ugali, kuchemka. Yakichemka, weka chini hata kama una hamu bado. Na umtafute mpiga gitaa wa kwaya ya kwenu, umwombe ukae karibu naye siku ya mazoezi, kutazama tu. Mtu akikusubiri mahali, unakwenda.

Viatu vivae sokoni. Brashi mpe mtoto anayependa kuchora.

Mke wako mwombe akupe mpaka mvua za kwanza. Nazo zikifika, ukaona kazi ya gumba bado inakuchosha roho, basi liuze bila aibu, tena ukiwa umeshalitengeneza nyuzi, ili atakayelinunua asiumie kama ulivyoumia wewe.