Kutoka Uwanja wa Ndege wa Moi hadi Mjini

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, shangazi yangu atatua Mombasa jioni akiwa na masanduku matatu, nami sitaweza kwenda kumpokea. Je, apande matatu, tuktuk au teksi hadi Kibokoni?
— Msomaji, Mji wa Kale

JIBU: Uwanja huo uko Port Reitz, upande wa bara, takriban kilomita 10 kutoka katikati ya mji, na magari yaendayo kisiwani kutoka huko hupitia Changamwe na Makupa, njia ambayo jioni hujaa malori ya bandarini kiasi kwamba mwendo mfupi huweza kuchukua saa nzima. Matatu ndiyo nafuu zaidi, lakini mtu hulazimika kutoka nje kuifuata barabarani, na kwa mama mwenye masanduku matatu, sikushauri hata kidogo. Tuktuk inamfaa abiria mwenye begi moja.

Kwa hiyo mchukulieni teksi, ama ya uwanjani ama ya kuagizwa kwa simu, ilmradi nauli ikubaliwe kabla mizigo haijapakiwa. Dereva aelezwe pia kwamba vichochoro vya Kibokoni havipitiki kwa gari, hivyo kijana mmoja amsubiri shangazi barabarani ambebee mizigo.

Angekuwa anaelekea Diani, ningemwelekeza barabara ya Dongo Kundu, inayomwepusha na foleni ya kivuko cha Likoni.