Land Rover ya zamani inagoma kuwaka asubuhi ya baridi

Swali: Shikamoo fundi. Nina Land Rover Series III ya petroli, injini ya 2.25, aliyotuachia mzee. Niko Njombe. Tangu Juni ilipoingia, asubuhi napiga stata mpaka betri inakaribia kulala ndipo inawaka. Ikishawaka, kutwa nzima haina shida. Nimeshauziwa betri mpya na plagi mpya, hali ni ile ile. Choki nivute nisivute, sioni tofauti. Jumatatu, ikiwa imelala siku mbili, ndiyo inasumbua zaidi. Nianzie wapi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nasikitika umetoa hela ya betri kabla hakuna aliyefungua boneti asubuhi. Ugonjwa wa asubuhi hupimwa asubuhi. Ukimpelekea fundi gari saa nne, injini imeshapata moto, atakisia tu.

Anzia kwenye choki. Petroli ya baridi haigeuki mvuke kirahisi. Nyingi inabaki matone yanayonata kwenye kuta za manifoldi (mabomba yanayopeleka hewa na petroli kwenye silenda), na kinachoingia silenda ni hewa yenye petroli kidogo mno. Choki hubana hewa ili injini ivute petroli zaidi. Kwa baridi ya Njombe ya Juni na Julai, choki nzima ukiivuta lazima uone tofauti. Usipoiona, ujue haifungi.

Kesho, kabla hujagusa swichi, legeza klipu ya ule mpira mnene unaotoka kwenye eya klina kuja juu ya kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa), uuvue. Mulika tochi ndani: utaona kibati cha duara chenye mhimili. Mtu akikuvutia choki, kibati kilale kizibe tundu lote. Mimi nimekuta vingi vinaishia nusu, na mara nyingi kosa ni skrubu ndogo inayobana ganda la waya wa choki pale kwenye kabureta. Ikilegea, ganda zima linasogea pamoja na waya. Mkono unahisi umevuta, kumbe kibati hakijatikisika. Sukuma kitasa mpaka mwisho, kirudishe nje kama milimita moja, hakikisha kibati kiko wazi kabisa, ndipo ukaze. Waya wenye kutu usihangaike kuupaka oili, weka mpya.

Hilo la Jumatatu lina sababu yake. Gari likilala, petroli ya kwenye bakuli la kabureta inapungua, na pampu yako inaendeshwa na injini yenyewe, kwa hiyo stata inazunguka muda mrefu ikijaza bakuli tu. Pampu ile ina kijiti chini yake cha kupampu kwa mkono. Pampu taratibu mpaka usikie kijiti kimelegea. Hapo bakuli limejaa. Kikiwa kimelegea tangu mwanzo, huenda kamshafti (mhimili wa ndani ya injini unaoisukuma pampu) imeshika mkono wa pampu, basi zungusha injini kidogo kwa hendeli ujaribu tena. Ukiona hata baada ya usiku mmoja unapampu sana, valvu za pampu zimechoka au bomba linavuta hewa.

Stata ikizunguka kivivu hata kwa betri mpya, angalia waya wa ethi (unaorudisha umeme kwenye betri) kati ya injini na chasisi. Weka mita ya volti kati ya hasi ya betri na bloku, yaani mwili wa injini, wakati mtu anapiga stata. Ikizidi nusu volti, fungua, sugua kwa msasa, kaza. Betri yenyewe isishuke chini ya volti 9.6 hivi. Ikishuka, koili inayotengeneza umeme wa cheche inakosa nguvu na cheche inakuwa dhaifu wakati ule ule unapoihitaji.

Platini (vidude vya ndani ya distributa vinavyokata na kuunga umeme wa koili) ziwe na nafasi ya milimita 0.35 hadi 0.40, plagi 0.75 hadi 0.80. Plagi kuwa mpya si hoja, zipime. Kukiwa na ukungu, fungua boneti kungali giza, mtu apige stata: waya mbovu wa plagi utauona unarusha cheche pembeni.

Nakuomba kitu kimoja. Usikubali kumwagiwa petroli kwenye kabureta huku stata inapigwa. Nilimshuhudia kijana akiungua mkono na nyusi kabureta ilipotema moto, na kopo la petroli alikuwa ameshika mkono wa pili.

Ukishatengeneza: vuta choki yote, usikanyage mafuta, piga stata sekunde zisizozidi kumi, pumzisha betri nusu dakika, rudia. Injini ikishika, rudisha choki kidogo kidogo kadiri inavyotulia. Ikigoma bado, fungua plagi papo hapo. Zikiwa kavu, petroli haifiki; zikiwa zimelowa, rudi kwenye cheche. Niandikie umekuta zipi.