Uliza Ujibiwe: Video ya HD imeshaingia kwenye kompyuta, sasa nini?

Maswali ya toleo hili karibu yote ni ya video, watu wamerekodi HD vizuri kabisa ila ikifika kwenye kompyuta ndo shida inaanza. Nimechukua yale yanayowagusa wengi.

SWALI: Habari mtaalamu. Nina kamera ya mkononi inayorekodi full HD, nikikopi kwenye kompyuta naona faili za MTS. Nikizicheza kawaida zinaenda, ila kwenye programu ya kuediti zinakwamakwama mpaka nakata tamaa. Rafiki yangu anasema nizikonveti zote kuwa AVI kwanza. Ni sawa?

JIBU: Salama ndugu. Ngoja kwanza, usikonveti kitu chochote kabla hujajua kwa nini zinakwama. MTS ni faili za AVCHD, mfumo ulioletwa na Sony na Panasonic mwaka 2006 ili kamera ndogo ziweze kuhifadhi HD bila kuhitaji nafasi kubwa sana, na ndani yake picha imebanwa kwa kodeki (njia ya kubana na kufungua video) ya H.264. Sasa H.264 haihifadhi kila fremu, yaani kila picha moja moja inayounda video, nzima nzima, inaweka moja kamili halafu kwa zile zinazofuata inaandika tu kilichobadilika, kwa hiyo ukigusa katikati ya klipu kompyuta inabidi irudi hadi kwenye fremu kamili iliyo karibu, ianze kuzijenga moja moja mpaka ifike pale ulipogusa. Kucheza kwenda mbele tu inaweza, lakini kuediti ni kwenda mbele na nyuma kila sekunde, ndo maana inazidiwa.

Kuhusu AVI, watu wengi wanachanganya hapa. AVI, MP4, MKV, MOV na hiyo MTS ni masanduku tu, unaweza kukuta masanduku mawili tofauti yana kitu kilekile ndani, na sanduku moja likawa na vitu tofauti kabisa. Kinachoamua ubora na uzito ni kodeki iliyomo ndani pamoja na kiasi cha data inachotumia kwa sekunde. Kwa hiyo mtu akikwambia "konveti iwe AVI" hajakwambia kitu bado, na programu nyingi za bure za kukonveti ukizibonyezea hivyo zinakubania picha upya kwa kiwango cha chini, unaanza kuediti kitu ambacho tayari kimeshapungua.

Dawa yako ni proksi. Programu za kuediti za Shotcut, Kdenlive na DaVinci Resolve zote zinaweza kukutengenezea nakala ndogo nyepesi za klipu zako, unaediti ukiwa unaona hizo, halafu wakati wa kurenda, yaani kutoa video iliyokamilika, programu inarudi yenyewe kwenye faili za asili, ubora wako uko palepale. Angalia tu kwenye dirisha la kurenda kwamba hujachagua kutumia proksi, maana kuna sehemu ya kuruhusu hilo na ukiiwasha utapata video ya ukungu. Resolve toleo la bure ni nzuri mno lakini inataka kadi ya grafiki yenye nguvu, na kama unatumia Linux toleo hilo la bure halifungui H.264, hapo chukua Kdenlive.

Njia nyingine ni kuzigeuza kuwa kodeki ya kuedititia kama DNxHD au ProRes, ambazo kila fremu inajitegemea. Kuediti kunakuwa laini sana, ila uwe na diski ya kutosha: AVCHD ya megabiti 24 kwa sekunde inakula kama GB 11 kwa saa moja, DNxHD ya megabiti 120 inakula GB 54 kwa saa ileile. Kwa shughuli ya saa nne piga hesabu mwenyewe. Mi kwa kompyuta ya nyumbani naona proksi inatosha.

Na kama unachotaka ni kubadili sanduku tu ili kifaa chako kikubali kuifungua, usirende kabisa. Programu ya Avidemux ukiacha picha na sauti kwenye kunakili inamaliza haraka sana, haigusi hata pikseli moja. FFmpeg, programu inayoendeshwa kwa kuandika amri, pia, amri ni ffmpeg -i klipu.MTS -c copy klipu.mkv basi. Haitatibu kule kukwama kwenye kuediti lakini ni vizuri ukaijua.

SWALI: Nimerekodi hotuba ndefu bila kusimamisha kamera ila kwenye kadi nimekuta vipande vipande. Nikiviunganisha kwenye programu sauti inakatika kidogo pale vinapokutana. Tatizo kamera?

JIBU: Hapana dada au kaka, kamera iko sawa. Kadi za hadi GB 32 kwa kawaida zimefomatiwa FAT32, mpangilio wa kuhifadhi faili ambao hauruhusu faili moja kuzidi GB 4, kwa hiyo kamera inafunga faili na kufungua nyingine, na zipo zinazokata hata kabla ya hapo. Pale inapokata haijali sauti imefika wapi, ndo unasikia huo mkato. Dawa ni kuviunganisha kama data kabla ya kuviweka kwenye taimulaini, ule mstari wa kupangia klipu kwenye programu ya kuediti. Programu iliyokuja na kamera huwa inafanya hivyo yenyewe wakati wa kukopi, au kwenye Windows fungua dirisha la amri uandike copy /b 00001.MTS+00002.MTS hotuba.MTS. Hiyo ni kwa vipande vya rekodi moja iliyoendelea, usiunganishe hivyo klipu za nyakati tofauti. Na siku nyingine kopi folda nzima ya kadi kama ilivyo, usichomoe MTS peke yake, kwa sababu zile faili ndogondogo nyingine ndo zinazoeleza kipi kinafuata kipi.

SWALI: Kwa nini mtu akitembea kwenye video yangu naona mistari myembamba ya kulala pembeni ya mwili wake? Kwenye TV haipo!

JIBU: Umerekodi 1080i. Hiyo herufi i maana yake kamera haichukui picha nzima kwa mpigo, inachukua mistari ya namba witiri, halafu punde baadaye ya namba shufwa, na mbili hizo zinasukwa kuwa fremu moja. Kitu kikitembea kinakuwa kimeshahama kati ya nusu ya kwanza na ya pili, hiyo ndo mistari unayoiona. TV inajua kuzitenganisha yenyewe, kioo cha kompyuta kinakuonyesha zote kwa pamoja.

Kwenye HandBrake, programu ya bure ya kukonveti video, kuna sehemu ya vichujio, washa Yadif au Decomb, na ukichagua ile ya Bob utapata fremu 50 kwa sekunde badala ya 25 na mwendo utabaki laini kama ulivyouona kwenye TV, kwa mpira na ngoma nakushauri kabisa hiyo. Kitu kimoja naomba ukizingatie sana: ondoa mistari kabla ya kupunguza ukubwa wa picha. Ukiishusha 1080i kuwa 720 mistari ikiwa bado imo, nusu mbili zinayeyuka kuwa picha moja na hakuna kichujio kitakachozitenganisha tena. Nimeona rekodi nzuri za harusi zimeharibiwa hivyo na wenyewe hawana tena faili za asili, inauma. Usifute MTS mpaka umeangalia video iliyotoka mwanzo hadi mwisho, na hata hapo kama ni kumbukumbu ya familia usifute.

SWALI: Nina kanda za HDV. Nimenunua kile kidude cha USB chenye waya nyekundu, nyeupe na njano, picha inaingia ila si HD. Nakosea wapi?

JIBU: Hukosei, huo waya wa njano haupitishi HD hata ufanyeje. HDV inaandika picha kwenye kanda ya MiniDV ikiwa tayari ni data, MPEG-2 ya megabiti 25 hivi, na mlango wake wa kutokea ni FireWire, kwenye kamera za Sony umeandikwa i.LINK. Ukipitia hapo unakopi data yenyewe ilivyo kwenye kanda, hakuna kinachopotea. Utakuta picha ni 1440 kwa 1080, usiogope, pikseli zake ni pana na zikichezwa zinatanuka hadi upana wa 1920, wewe usilazimishe uwiano mwingine ukaja na watu waliosinyaa. Fanya mapema, kanda zinachakaa na mashine zinazozicheza hazitengenezwi tena.

SWALI: Nikimaliza kuediti niexport kwa kiwango gani? Nikiweka kikubwa faili ni zito, kidogo picha inakuwa vibokisi.

JIBU: Acha kukisia megabiti, tumia kiwango cha ubora. Kwenye HandBrake kinaitwa RF, na kwa video ya 1080 anzia kati ya 20 na 24, namba ikishuka ubora unapanda na faili linakua. Chukua dakika moja yenye mwendo mwingi, majani yanayopepea au watu wanaocheza, irende peke yake uitazame, ukiridhika ndo uiachie kazi nzima usiku. Kurenda kwa kadi ya grafiki ni haraka sana, ila kwa ukubwa uleule wa faili prosesa ikipewa muda kwa kawaida inatoa picha safi zaidi. H.265 inaweza kukupunguzia saizi sana lakini vifaa vya zamani haviifungui, kwa video ya kugawia watu baki na H.264.

SWALI: Video ya simu, mwanzo sauti iko sawa ila kadiri inavyoenda inaachana na midomo. Msaada tafadhali.

JIBU: Simu nyingi hazishiki idadi moja ya fremu, inapanda na kushuka, na baadhi ya programu za kuediti zinadhani ni moja mwanzo mwisho. Ipitishe HandBrake, chagua idadi ya fremu isiyobadilika, weka 30 au ile uliyorekodia, RF iweke 16 hivi ili usipoteze picha, halafu tumia faili hilo kuedititia.