Cobain alilala chini ya daraja?

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni fundi simu, nampenda sana Kurt Cobain, mwimbaji wa Nirvana, bendi ya roki ya Marekani. Nimesoma vitabu viwili vya maisha yake. Kwa Michael Azerrad, Cobain alipokosa pa kukaa alilala chini ya daraja la mto Wishkah, huko kwao Aberdeen, Marekani. Charles Cross anakataa. Nimwamini nani? Halafu mama yangu ananiuliza mtu wa unga aliyejiua ananifundisha nini. – Msomaji, Jinja

JIBU: Marahaba mwanangu. Tazama miaka kwanza. Cha Azerrad kilitoka 1993, Cobain yu hai, na hayo ya daraja alimsimulia mwenyewe. Cross alitoa chake 2001, Cobain keshafariki miaka saba, baada ya kuhoji watu zaidi ya 400. Wao ndio waliomwambia Cross kwamba kijana alilala kwenye korido za majengo ya watu, hata kwenye chumba cha kusubiri hospitalini. Krist Novoselic, mpiga besi wake, naye alisema ukingoni pale ni matope, maji yanapanda na kushuka, hapakaliki. (Mto wenu hapo Jinja hauna mambo hayo, Wishkah uko jirani na bahari.)

Kwa daraja, basi, niko na Cross. Lakini naye usimmeze mzima. Shajara za marehemu alifunguliwa na mjane, Courtney Love, kwa hiyo kila mjane anapotajwa, soma polepole. Mimi hapa Bombo ndiye ninayeitwa kuandika wasifu wa marehemu wa kusomwa msibani. Mke mkubwa ananipa yake, mdogo yake, na kaka mtu anataka yote yafutwe. Ninachouliza ni kimoja: nani alikuwepo? Sasa fungua mwisho wa kitabu cha Cross, zile saa za mwisho za Aprili 1994. Cobain yuko peke yake, na mwandishi anatueleza mpaka alichokuwa akiwaza! Kaambiwa na nani? Hapo mimi ningeweka kalamu chini.

Mama yako ana haki ya kuogopa, ila Cross haupambi unga hata kidogo. Mpe asome sura za utotoni, wazazi walipoachana 1976 mtoto akiwa na miaka 9. Na uandike jina lako ndani ya jalada kabla ya kumwazima, maana huenda kisirudi.