Barua kwa mwanangu: kuhusu ufundi wa mitambo

Mwanangu Baraka,

Ujumbe wako nimeupata. Unauliza kama uache duka la simu Kariakoo ukasomee ufundi wa matengenezo ya mitambo, maana mjomba wako anasema ni kazi ya kushinda umejaa grisi. Grisi ipo, hakukudanganya. Ila mjomba hajawahi kusimama mbele ya mashine iliyozima katikati ya shifti ya usiku. Mimi kazi yangu ilikuwa kuendesha mashine, na mafundi nawajua kwa tabia zao.

Yupo anayeitwa mota imezima, anafungua paneli, anabonyeza ovalodi, kile kifaa kinachokata umeme mota ikizidiwa, mashine inawaka, anaondoka. Haipiti muda imezima tena, naye anabonyeza tena, mpaka mota inaungua ikasukwe upya. Na yupo ambaye hagusi kitu kabla hajaniuliza, "Mama, ilikuwa inaliaje?" Nikimwambia ilinguruma bila kuzunguka, anachukua mita anapima fezi zote tatu, yaani nyaya tatu zinazoileta umeme mota, kwa sababu mota ya fezi tatu ikikosa moja hunguruma hivyo na kuchemka. Nikimwambia ilikwaruza, anaanzia kwenye beringi. Ovalodi kuruka ni taarifa tu, tatizo liko kwingine. Huyo alikuwa pia anazima swichi kuu, anaipiga kufuli lake, ufunguo mfukoni, halafu anapima tena ndipo aingize mkono. Wenzake walimcheka kwamba anachelewesha uzalishaji. Vidole vyake kumi anavyo mpaka leo.

Wewe ni mdadisi na huna papara, kwa hiyo mimi nasema nenda. Miaka 24 si uzee.

Ukitaka kuanza kushika spana mapema, nenda chuo cha ufundi stadi cha VETA, Chang'ombe. Ukiwa na subira ya miaka 3, nenda DIT, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, ukachukue stashahada. Fizikia na hisabati ulifaulu, kaulize sifa zao. Popote utakapokwenda, usichague makanika peke yake ukauogopa umeme. Mashine za siku hizi zina sensa, yaani vihisi, na PLC, kompyuta ndogo inayoongoza mashine, na fundi anayejua beringi asijue waya huishia kumsubiri mwenzake. Na cheti hakikuruhusu kufunga umeme kwenye nyumba za watu. Hiyo ni leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, utaiomba baadaye.

Ubaya wake nao usikie. Utaamshwa usiku. Sikukuu wenzako wakila pilau, wewe uko kiwandani, kwa sababu mitambo hufanyiwa matengenezo makubwa ikiwa imesimama. Mashine ikienda vizuri hakuna anayekukumbuka, ikizima meneja anakusimamia kichwani. Kama unapenda kusifiwa, baki dukani.

Duka usiliache kabla hujapata barua ya kujiunga. Njoo Jumapili na vyeti vyako halisi, tuvitoe kopi. Viatu vya usalama nitakununulia mimi, vyenye chuma mbele. Usiniletee vile vya mtumba vilivyolika soli.

Mama yako