Kitunguu na jenomu ya binadamu
Je, jenomu ya binadamu, yaani seti nzima ya DNA inayobeba urithi wake, ndiyo kubwa kuliko zote? Hapana. Ina jozi za besi, yaani "herufi" za DNA, takriban bilioni 3.1, ilhali kitunguu hiki tunachokaangia sukumawiki kina takriban bilioni 16, na kamongo wa Afrika Magharibi, ndugu wa yule anayevuliwa Ziwa Victoria, alipochunguzwa mwaka 2021 alikutwa na takriban bilioni 40. Sehemu kubwa ya ziada hiyo si jeni, yaani sehemu za DNA zenye maagizo ya kuujenga mwili, bali ni vipande vya DNA vinavyojinakili na kujipachika kwingine, vikarundikana kwa mamilioni ya miaka. Nafundisha biolojia hapa Nairobi na swali hili hunijia kila muhula. Ila tusiviite vyote takataka, kwani baadhi yavyo vimekuwa swichi za kuwasha na kuzima jeni.