Swali la Lugha: Uvutano "Uliorekebishwa" au "Uliobadiliwa"?

Mwalimu wa fizikia wa Malindi anauliza: zile nadharia zinazogeuza milinganyo ya Einstein ziitwe "nadharia za uvutano zilizorekebishwa", kama alivyoandika mwanafunzi wake, au "zilizobadiliwa"?

Nachagua "zilizobadiliwa", kwa kuwa kitenzi kurekebisha kinakuja na hukumu yake. Fundi wa Lamu akikalafati jahazi linalovuja, amelirekebisha. Akilitoa tanga na kulitia mashine, amelibadili, wala hakusema tanga lilikuwa bovu. Nadharia ya Einstein ya uvutano, yaani uhusianifu wa jumla, iliyokamilishwa mwaka 1915, haijaonekana kuvuja katika vipimo vya mfumo wa jua. Ndiyo iliyoeleza zile sekunde 43 za pembe (sekunde moja ni sehemu ya 3,600 ya digrii) ambazo mzingo wa Utaridi huzidi kugeuka kila karne, ambazo hesabu za Newton zilishindwa kuzieleza. Wanafizikia Brans na Dicke, mwaka 1961, hawakuziba tundu lolote: waliongeza uga mmoja (kitu kilichoenea angani kote, chenye thamani yake kila mahali), na uga huo ukidhoofishwa vya kutosha, kwa kawaida tunarudi kwa Einstein yule yule.

Tena, lililorekebishwa hutarajiwa kuwa zima. Agosti 2017 mawimbi ya uvutano, yaani mitikisiko ya anga na wakati, kutoka nyota mbili za nyutroni (mabaki yaliyoshindiliwa mno ya nyota kubwa) zilizogongana yalitufikia baada ya safari ya takriban miaka-nuru milioni 130, na miali ya gama, ambayo ni aina ya mwanga, ikafuata kwa sekunde 1.7 tu, yaani mwendo wao ni karibu sawa kabisa. Nadharia nyingi zilizotabiri kwamba mawimbi hayo na mwanga vingetofautiana mwendo zikaanguka. Marekebisho gani hayo?

"Zilizobadilishwa" nalo silipendi sana, maana kubadilisha hutupeleka kwenye kutoa hiki na kupokea kile, kama pesa.

Mwanafunzi ataje pia nadharia ya nani iliyobadiliwa. Mwanafizikia Milgrom, mwaka 1983, alipotafuta sababu ya nyota za pembezoni mwa galaksi kuzunguka kwa kasi kuliko ilivyotarajiwa, alianza kwa kubadili kanuni za Newton, si za Einstein.

Nimeona pia ameandika "kani ya uvutano" kila mahali. Kwa Newton ni sawa, na kiambishi -an- kimekaa pake, kwani nazi na dunia huvutana. Kwa Einstein hakuna kani hapo, bali nazi hufuata mkunjo wa anga na wakati. Anapoeleza uhusianifu, basi, aliache neno "kani"; "uvutano" abaki nalo, ijapokuwa hakuna kinachovuta, kwa sababu limekwisha kuzoeleka.